Sabuni Kwenye Chujio la Maji

Nikisema kwamba nilisalitiwa Kigali miaka ile, watu huinamisha macho. Wanadhani nataka kusimulia ya mwaka wa tisini na nne, na wanaogopa kuuliza. Yale yana uzito wake na mahali pake, na mimi pia nina fungu langu ambalo sitaliandika hapa. Hili ninaloliandika lilitokea kabla, ndani ya nyumba ya watu wanne, na lilihusu chujio la maji na mume wangu. Anayetaka kucheka na acheke. Mimi lilinivunja moyo, na mpaka leo sijampata fundi wa kuuunga.

Nilizaliwa Biryogo, mtaa wa Waswahili. Babu yangu alikuja huko na biashara ya chumvi kutoka Ujiji, akaoa, akazaa, akazikwa. Kwetu tulisema Kiswahili nyumbani na Kinyarwanda sokoni, na tulijua vizuri watu wa vilimani walivyotuona. Kwao Mswahili ni mjanja, ana maneno mengi, na mwanamke wa Kiswahili akikupikia chakula kitamu basi uangalie kuna nini chini ya sufuria. Tulikuwa tunacheka. Bibi yangu alisema, waache waogope, mradi wanakuja kula.

Mume wangu alikuwa mtu wa vilimani, mtoto wa Byumba, karani katika wizara moja kule Kacyiru. Alikuwa mrefu, mpole, msomi wa Kifaransa, Mkatoliki wa kubatizwa. Alisilimu akanioa. Pombe akaacha, na jioni akitoka kazini alikuja moja kwa moja nyumbani kwetu Nyamirambo, kabla kuku hawajaingia bandani. Mama yake hakuja kwenye ndoa. Wenzake wa ofisini walikuja, wakala pilau yetu, wakajilamba vidole, kumbe maneno wanayo tumboni.

Chujio alilileta yeye mwenyewe. Hilo nataka lieleweke mapema. Vita vilipoanza mwishoni mwa mwaka wa tisini, wazungu wengi waliokuwa wakifanya kazi na wizara walifunga mizigo wakaondoka, na vitu walivyoshindwa kubeba wakawaachia makarani. Mwenzake mmoja alipata mapazia, mwingine kitanda. Mume wangu alichagua chujio. Alishuka nalo basini akalibeba kichwani mpaka nyumbani, akaliweka juu ya meza ya jikoni, akaniita kwa neno lake la Kifaransa la "mpenzi": "Sheri, kuja uone. Tumbo ya mtoto imepona."

Mtoto wetu wa kike alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na tangu aachishwe ziwa hakuwa na wiki nzima ya afya. Mvua zikinyesha, maji ya bombani yalitoka mekundu kama yamechotwa shambani, na hata ukiyachemsha yakapoa, chini ya chungu hubaki tope. Nilikuwa nimeshachoka na benchi la zahanati. Kwa hiyo lile chujio nililipokea kama mtu anavyompokea mkunga.

Lilikuwa masufuria mawili marefu ya chuma cheupe, moja juu ya jingine, na kifuniko. Ndani ya lile la juu ilisimama mishumaa mitatu. Mjini waliita buji, kwa Kifaransa, lakini mimi niliita mishumaa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: myeupe, minene, ya udongo uliochomwa, yenye mikia iliyopita kwenye matundu na kufungwa kwa chini na nati na mpira. Unamimina maji machafu juu, yanapenya polepole katika ukuta wa mshumaa, yanadondoka chini tone kwa tone, na kwenye koki unakinga maji ambayo hata bilauri inaonekana ina aibu kuyashika.

Kulitunza si kazi ngumu, ila haitaki mtu wa pupa. Tope likijaa kwenye mishumaa, maji huacha kudondoka. Basi unafungua nati, unautoa mshumaa mmoja mmoja, unausugua kwa mswaki laini chini ya maji, na lile tope linateleza mkononi na weupe unarudi. Unauinua kwenye mwanga kutafuta ufa. Ufa wa unywele tu, mshumaa huo umekufa, kwa sababu maji machafu yatapita hapo kama mwizi kwenye ua. Mpira ukikauka unaubadilisha. Mara nyingine unaichemsha mishumaa, na kitambaa unakitandika ndani ya sufuria, chini, isije ikagongana. Maji ya kwanza baada ya kuirudisha unayamwaga, yana ladha ya chokaa. Na sabuni huiwekei kamwe. Ule udongo unakunywa kila kitu. Ukiupa sabuni, utakurudishia sabuni siku nzima na zitakazofuata.

Kazi hiyo niliifanya Jumamosi, peke yangu, mlango wa jiko nimeufunga. Barabara yetu ilikuwa ya vumbi jekundu, kuku wa jirani hawakujua mpaka, na mshumaa uliosuguliwa ukiupeperushia vumbi umefanya kazi ya bure. Tena kwetu Biryogo mwanamke hafanyii mambo yake ya jikoni barabarani. Nilifunga mlango bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango wa bafu. Mtu akiniuliza nani anashughulikia lile chujio, nilijibu kwa majivuno: "Hakuna mkono mwingine unaoligusa ila wangu."

Mtoto akapona. Mashavu yakajaa, nikaacha kumjua nesi kwa sauti yake. Mume wangu aliwaambia wageni, "Haya ndiyo maji ya bibi yangu," yaani mkewe, na mimi nikajiona nimeolewa na mfalme. Kila asubuhi nilimjazia chupa ya kioo ya kwenda nayo kazini. Jioni nilimpa bilauri, naye alipenda kutoka nayo barazani akanywe huku anatazama barabara. Chai ya usiku aliipenda sana, na chai yetu niliipika kwa maji ya bomba, maana yanachemka. Nilikuwa nikijisifu kwa mashoga zangu kuwa mume wangu hana kiu ya pombe tena, ni chai na maji yangu tu. Walinitania kwamba nimempata bwana wa kumfuga.

Vita viliposogea Byumba, watu wakaanza kushuka na magodoro, na katika hao akaja mama mkwe wangu. Alikuja na mkeka, jembe, na kibuyu chake cha kunywea maji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu alikuja nalo kabisa. Asubuhi ya pili niliamka nikamkuta amelima kipande cha nyuma ya nyumba ambacho mimi sikujua kama ni ardhi. Nilimpenda kwa hilo. Niliazimia atanipenda na yeye, na nilijua pa kuanzia: bilauri ya maji safi.

Huko kwao kuna adabu ya kinywaji. Anayekukaribisha anaonja kwanza mbele yako, ndipo anakupa, ili ujue hakuna sumu. Kwetu Biryogo tuliifanyia mzaha desturi hiyo, lakini kwake sikufanya mzaha. Nilikinga maji mbele yake, nikanywa funda moja, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili. Alipokea vizuri, akagusisha midomo, akaniambia "urakoze", asante, akaiweka bilauri chini. Haikuinuka tena. Baadaye nilimwona yuko uani, ameinamisha kibuyu chake kwenye bomba, anakunywa maji mekundu kwa raha zote.

Ikawa hivyo kila siku. Chakula changu alikula, mboga tulichambua pamoja, mtoto alilala mgongoni kwake. Maji ya chujio hapana. Nilikasirika, sifichi. Nilijiambia, bikizee huyu ananiona mchawi. Nimemponya mjukuu wake na bado ananiona mchawi. Nikamlalamikia mume wangu.

"Mwache, sheri," akasema. "Mzee ya kilimani anaogopa kitu hajui. Iko siku atazoea."

Akachukua bilauri yake akatoka nayo barazani. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mwanamume aliyesoma.

Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka. Mimi na mama mkwe tulikuja kuelewana kwa mambo mengi, hata tukawa na vichekesho vyetu, lakini lile la maji lilibaki katikati yetu kama mfupa kooni. Nililiweka lote juu yake. Nikilisugua chujio nilimsema moyoni. Mimi si mtu wa kusema kidogo, hata moyoni.

Msimu wa mvua wa mwaka wa tisini na tatu, shangazi yangu alifariki Biryogo, nikaenda kukaa kwenye msiba. Mtoto nilimwacha na bibi yake. Nilirudi Jumapili jioni, nimechoka, macho yamevimba, nikalala. Jumatatu asubuhi niliamka na haraka, nikamjazia mume wangu chupa yake kama kawaida, akaniaga akaenda kuwahi basi la Kacyiru.

Halafu nikampa mtoto maji. Akanywa kidogo, akakunja uso, akayatema kifuani.

"Sabuni," akasema.

Nikamwambia aache utundu. Nikayaonja. Yalikuwa sabuni kweli, tena ile sabuni ya kipande ya buluu ya kufulia, inayobaki kwenye ulimi kama adhabu. Niliinua kifuniko, nikatoa mshumaa, nikauona: umesuguliwa kwa nguvu, umechubuka, na kwenye shingo yake, palipokutana na chuma, kuna mstari mwembamba wa buluu. Nati zilikuwa zimefungwa hovyo, hata hazikubana.

Hata sikuwaza kwanza ni nani. Niliwaza chupa. Mume wangu amekwenda kazini na chupa nzima ya maji ya sabuni! Siku hiyo sikutulia. Nilimwona ofisini mbele ya wakubwa, amepiga funda, macho yamemtoka. Nilimwona anakimbilia choo. Niliandaa namna ya kumwomba radhi, nikapika mboga anayoipenda, nikakaa barazani kumsubiri.

Aliingia akitabasamu. Chupa ilikuwa tupu.

"Baba, maji ya leo yalikuwaje?" nikamuuliza, nimeshaanza kuona haya.

"Iko muzuri, sheri. Kama siku zote."

Nataka niseme ukweli wa nilivyojisikia wakati ule, kwa sababu ndio unaonitia hasira zaidi nikikumbuka. Nilijisikia kupendwa. Niliwaza: tazama mwanamume huyu, amekunywa sabuni chupa nzima na hataki kuniaibisha. Au amejua ni mama yake amefanya, anamsitiri. Machozi yalinilenga. Wanawake wangapi wana waume wa namna hii?

Nikataka kumwambia kwamba nimejua, asijisumbue kunificha. Nikamwambia kwa upole: "Hata hayakuwa na ladha?"

Akanitazama bila kuelewa. "Ladha gani? Maji ni maji."

Uso wake ulikuwa mweupe kabisa, hauna siri ya kunisitiri. Hakuwa na habari. Sabuni ile hata kidole kingeisikia, na yeye hakuwa na habari. Nilikula chakula cha jioni kile bila kukisikia, na yeye akaomba chai.

Kesho yake nilimjazia tena chupa kwenye chujio lile lile, na sabuni yake, nikampa mkononi. Akapokea, akanishukuru. Alipoondoka nilimfuata mama mkwe nyuma ya nyumba. Alikuwa anapalilia maharage.

"Mama," nikamwambia kwa Kinyarwanda, "nani ameosha mishumaa yangu kwa sabuni?"

Hakukana. Aliegemea jembe, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Ni mimi, mukazana wangu," akasema. Ndivyo alivyoniita, mke wa mwanangu. "Ulipokwenda msibani nilifunga mlango, nikaosha. Nimesugua mpaka mikono ikauma. Nilitaka kuitoa ile dawa."

"Dawa gani?"

"Sijui dawa gani. Wewe ndiye unayejua." Alisema bila ubaya, kama anayeongea juu ya mvua. "Nimekaa nawe mwaka mzima. Mtoto anakunywa, ananenepa. Wewe mwenyewe unakunywa. Nikaona, huyu si mtu mbaya. Kama aliweka kitu, alikiweka zamani kwa ajili ya mume tu, na wanawake wote hufanya ujinga wakiwa wageni kwenye ndoa. Nikasema nikiosha, nitamwambia mwanangu: nimesafisha kwa mikono yangu, sasa kunywa kwa mke wako. Mwanamume asiyekunywa maji nyumbani kwake huyo hana nyumba."

Nilimuuliza amejuaje kama mwanawe hanywi.

"Yewe! Si anamwaga pale barazani, kwenye maua? Nimemwona tangu nilipofika."

Maua yale yalikuwa yamestawi kuliko ya jirani yeyote, na sifa nilikuwa nazipokea mimi.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemtia hofu," nikasema. Nilikuwa bado natafuta namna ya kumlaumu yeye. Ingekuwa nafuu kwangu.

Yule mama alinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilifika hapa nina kiu ya safari. Yeye ndiye aliyenipokea kituoni, akaniambia njiani: Mama, utakuta chombo cha chuma jikoni. Usinywe humo."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mwaka mzima nilikuwa nimembebesha mwanamke huyu mzigo wa mwanawe, nikamsengenya kwa mashoga na majirani, na kumbe alikuwa mgeni aliyetii alichoambiwa. Nilikaa chini kwenye matuta ya maharage, naye akakaa karibu yangu.

Kisha nikainuka. Nilikuwa na mishumaa mipya ya akiba, nimeifunga kwenye nguo kabatini. Nilifungua mlango wa jiko wazi kabisa, vumbi na kuku na liwalo na liwe, nikamwita mama mkwe. Ile ya sabuni tukaitoa. Nikamwonyesha nati inavyobanwa, mpira unavyokaa, maji ya kwanza yanavyomwagwa. Aliushika mshumaa mpya, akaugeuza, akachungulia ndani ya tundu la mkia, akaunusa.

"Ni udongo," akasema.

"Ni udongo, mama."

"Basi?"

"Basi."

Akacheka, na mimi nikacheka, ingawa yangu haikuwa ya furaha. Mchana kutwa maji yalidondoka. Mume wangu aliporudi jua lilikuwa bado lipo. Tulikuwa tumekaa wote wawili barazani, mtoto anacheza chini, na juu ya kigoda kuna sinia yenye bilauri mbili. Alipotuona tumekaa hivyo alipunguza mwendo.

"Maji ya leo yalikuwaje?" nikamuuliza.

"Iko muzuri, sheri. Kama..."

"Jana na leo nimekupa sabuni," nikasema. "Mama aliosha mishumaa kwa sabuni ya kufulia. Mtoto mdogo ameyatema. Wewe unaniambia mazuri."

Mama yake akachukua bilauri moja. Hakusubiri mtu aonje. Alikunywa yote, polepole, akimtazama mwanawe juu ya ukingo wa kioo, akaweka bilauri kwenye sinia, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Nimekunywa," akamwambia.

Nilichukua ile ya pili nikampa mume wangu mkononi. Aliishika, akakaa kwenye ngazi, akaitazama kana kwamba jibu limo mle.

"Watu ya biro walisema sana," akaanza, yaani wenzake wa ofisini.

"Walisema nini?"

"Walisema Mswahili alinipa inzaratsi."

Inzaratsi ndiyo limbwata, dawa ya kumfunga mume akili. Nilikuwa nimeshajua ni hilo, lakini kulisikia kinywani mwake ni jambo jingine. Wale wale waliokula pilau yetu.

"Na wewe ukasadiki."

"Kwanza nilicheka. Nilicheka sana. Halafu nikawaza, mimi niliacha dini, niliacha pombe, niliacha hata kwenda kwetu. Nani anafanya hivyo bila kitu? Na weye unafunga mlango ya jikoni, unakaa na ile chombo peke yako. Nikasema, niache maji, nione kama mapenzi itapungua."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la maana. Niliona aibu kwa niaba yake. Mapenzi yangu yote, subira yangu, usafi wangu, kufunga kwangu na kusali kwangu, ameviweka kwenye chupa akavipima kama mkojo wa hospitali.

"Ukaona nini?"

"Haikupungua, sheri." Akainua macho, na naapa alitaka nifurahi. "Ilibaki ile ile."

"Uliona hivyo lini?"

"Kitambo. Mama alikuwa hajakuja."

Mama yake aliguna. Mimi nikamuuliza mume wangu.

"Basi mama ulimkataza kwa nini?"

Aliizungusha bilauri mkononi.

"Na mimi? Ulishajua hakuna dawa. Ulishajua unanipenda mwenyewe kwa moyo wako. Kila asubuhi nakujazia chupa, kila jioni nakupa bilauri, unanishukuru, unawasifia wageni, unakwenda kumwaga kwenye maua. Uliendelea kwa nini?"

Alifikiri kweli. Namjua, hakuwa anatafuta uongo. Alitafuta sababu, na hakuikuta.

"Nilizoea," akasema.

Nimetukanwa katika maisha yangu, na mimi nimewatukana wengine, lakini neno lile lilinichoma kuliko yote. Angesema aliniogopa, ningemlilia tukapatana. Angesema ananichukia, ningerudi Biryogo kichwa juu. Nilizoea! Kumbe kunidhania mchawi kulikuwa kama kuvua viatu mlangoni. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, na sijali. Nilimwambia kwamba limbwata lingekuwepo kweli ningempa siku hiyo, ili angalau nipate mume anayejua kwa nini anafanya anachofanya. Mama yake hakunizuia.

Nilipomaliza, aliinua bilauri akanywa. Alikunywa yote bila kupumzika, akaigeuza juu chini kutuonyesha. Aliniomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda, mbele ya mama yake, na hilo kwa mwanamume wa kwao si dogo. Alisema tangu kesho atakunywa maji ya nyumbani kwake. Nikamwambia nimesikia. Nilitaka sana kuamini. Mtoto alipanda mapajani mwake, na jioni ile ilikwisha vizuri kuliko ilivyoanza.

Asubuhi sikumjazia chupa. Niliiacha mezani karibu na chujio, mlango wa jiko wazi, nikaenda kutandika kitanda. Sikufanya hivyo kwa hasira. Nilitaka aijaze mwenyewe, kwa mkono wake, liwe jambo lake. Nilimsikia akivaa viatu, akaingia jikoni, kifuniko cha chupa kikafunguka. Nikasimama na shuka mkononi kusikiliza koki.

Nilichosikia ni bomba la uani likikoroma na maji yakipiga ndani ya kioo.

Nilikwenda mpaka mlangoni. Alikuwa ameinama bombani, mkoba kwapani, tai ameitupa begani isilowe, chupa inajaa maji mekundu ya mvua. Aliifunga vizuri, akaipangusa kwa leso. Alipogeuka akaniona, wala hakushtuka. Sidhani hata kama alijua alichokifanya.

"Nimeenda, sheri," akasema, akanitabasamia, akafungua lango akatoka.

Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba na jembe lake, na alikuwa ameona yote. Alikaa chini palepale kwenye maharage, akajifunika uso kwa kitenge, akalia. Mimi machozi hayakunitoka. Nilirudi chumbani nikamalizia kutandika upande wangu wa kitanda.